Siku Kumi za Rufaa

Hapa Miti, mahali ambapo barabara itokayo Bukavu hugawanyika, tawi moja likielekea Kavumu kwenye uwanja wa ndege na jingine likipanda msitu wa Kahuzi-Biega kwenda Bunyakiri, alinijia jirani yangu mmoja mwenye umri mkubwa, ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne, akataka nimsomee kwa Kiswahili yale aliyoandikiwa kwa Kifaransa: alikuwa amehukumiwa na mahakama ya amani kwa kumpiga mtu katika ugomvi wa mpaka wa shamba. Nilipoiona tarehe, moyo ulinishtuka.

"Papa, ulikwisha kwenda kwa grefie, karani wa mahakama, kusema kwamba hukumu hii huikubali?"

Akanijibu kuwa alikuwa akingoja wazee wa ukoo wakutane kwanza, kisha apate fedha za wakili. Siku hiyo ilikuwa ya kumi na mbili tangu hukumu kutamkwa mbele yake.

Naandika makala haya kwa ajili ya siku mbili zile alizochelewa. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 21, yaagiza kwamba kila hukumu iandikwe, ielezwe sababu zake na isomwe hadharani, na yamdhaminia kila mtu haki ya kuipinga. Ila haki hiyo hutumiwa kwa masharti ya sheria, na sharti lililowaangusha wengi miongoni mwetu ni muda. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ambayo asili yake ni dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959, humpa aliyehukumiwa siku kumi tu, zihesabiwazo tangu kutamkwa kwa hukumu ikiwa alikuwapo, au tangu kufikishiwa rasmi ikiwa alihukumiwa hayupo. Na huyu wa pili anayo pia njia ya oposisio, yaani kuitaka mahakama ile ile iisikilize kesi yake upya.

Laiti watu wangalijua jinsi hatua ya kwanza ilivyo nyepesi! Aghalabu hudhaniwa kwamba rufaa ni lazima ianze na hoja ndefu zilizopigwa chapa, ilhali kinachotakiwa ndani ya siku kumi ni tamko tu, litolewalo kwenye grefe, yaani ofisi ya grefie, na mhukumiwa mwenyewe, au na wakili aliyepewa idhini kwa maandishi. Hoja na mashahidi wa mpaka zitapata wakati wake huko mbele, katika mahakama ya juu, ambayo watu huiita TGI na ambayo kwetu ipo Kavumu. Kwani kwa sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 mahakama ya amani huhukumu makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitano, na rufaa zake hupelekwa huko. Kupiga na kujeruhi kwa kawaida, kosa la jirani yangu, huadhibiwa kwa siku nane hadi miezi sita.

Ipo hofu nyingine niliyoisikia mara nyingi sokoni, kwamba anayekata rufaa humkasirisha hakimu na kuongezewa kifungo. Si kweli: maadamu ni mhukumiwa peke yake aliyekata rufaa, adhabu yake haiwezi kuzidishwa, lakini parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, nayo ikikata rufaa, mlango huo hufunguka, na ni insafu mtu aambiwe hivyo mapema. Fauka ya hayo, rufaa husimamisha utekelezaji wa hukumu, isipokuwa kwa yule ambaye hakimu ameamuru ashikwe papo hapo, jambo linaloruhusiwa kifungo kikiwa cha miezi mitatu au zaidi na ikihofiwa kwamba atatoroka.

Kuhusu fedha, fakiri aweza kuomba cheti cha umaskini ili asamehewe gharama za mahakama, na mbele ya mahakama ya amani na TGI hata mtetezi asiye wakili kamili, yule tumwitaye defanseri jidisieri, anaruhusiwa kumsimamia. Lakini hayo yote yafuate nyuma ya tamko, yasilitangulie. Wazee wa ukoo na wakutane jioni, baada ya mtu kurudi kutoka grefe akiwa na nakala ya hati yake ya rufaa, yenye tarehe na saini ya grefie, ameikunja pamoja na kadi yake ya mchaguzi.