Mifuko ya Mayai Iliyomo katika Majani Makavu



Katika daftari la ghala la kila chama huandikwa mifuko ya mbolea na makopo ya dawa. Ipo mifuko mingine shambani isiyoandikwa popote, nayo ni mifuko ya mayai ya buibui wadogo waishio chini ya majani makavu. Yafaa tuifahamu kabla ya kuwasha moto au kujaza bomba la dawa.

Buibui hao ni wa jamii kama Linyphiidae na Oonopidae. Wengi wao waishio katika majani yaliyoanguka wana urefu wa milimita 1 hadi 3 tu.

Kwenye ncha ya tumbo la buibui vimo viungo vidogo vya kutolea nyuzi, kwa kawaida 6, vilivyopangwa jozi 3. Kila kiungo kina vitundu vyembamba vilivyounganishwa na tezi zilizomo tumboni. Ndani ya tezi, hariri ni majimaji ya protini. Yanapopita katika mrija wake na kuvutwa nje, hupungukiwa maji na kugeuka uzi imara. Tezi ni za namna mbalimbali: ipo ya uzi wa kutembelea, ipo ya kubandika uzi juu ya jani, ipo ya kuviringia windo. Katika jamii ya Linyphiidae, jike aliyekomaa anazo pia tezi ambazo dume hana; uzi wake ni wa kujengea mfuko wa mayai.

Jike hufuma kitanda chembamba juu ya jani au jiwe, hutaga mayai hapo, kisha huyafunika kwa tabaka jingine la hariri. Buibui wakubwa wa bustani huweza kutaga mamia ya mayai katika mfuko mmoja. Lakini Oonops pulcher wa Ulaya, mwenye urefu upatao milimita 2, huweka mayai 2 tu.

Hapo ndipo penye jambo la kuzingatia. Kiumbe atagaye mayai machache hufidia hasara polepole. Hariri haizuii moto. Achomaye majani huteketeza mama na mayai kwa pamoja. Dawa nayo haimbagui rafiki na adui. Katika mashamba ya nafaka ya Ulaya, Linyphiidae wamejulikana kuwa walaji wa vidukari, wadudu wafyonzao mimea.

Buibui peke yao hawatoshi kulinda mazao, wala sisemi dawa iachwe. Itumiwe pale mdudu mharibifu anapoonekana, na kwa kipimo kilichoelekezwa. Majani makavu yaachwe yaoze shambani, yahifadhi unyevu na kurutubisha udongo, isipokuwa mabaki yenye ugonjwa ambayo bwana shamba ameagiza yateketezwe.

Makatibu mnaombwa kuwaeleza wanachama haya katika mkutano wa chama, kabla ya kazi ya kusafisha mashamba kuanza.