"Salama" ni Nini? Istilahi za Vielekezi na Nyuzi

Miongoni mwa istilahi zinazowatatiza wafasiri wa vitabu vya uandishi wa programu, ipo moja ambayo huandikwa kwa wepesi "usalama wa uzi". Tafsiri hii hatuikubali. Humfanya msomaji adhani kwamba kinacholindwa ni uzi, kama fundi cherehani achungavyo uzi wake usikatike. Sivyo. Uzi katika kompyuta ni mfululizo mmoja wa maagizo yanayotekelezwa. Programu moja yaweza kuendesha nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, zote zikitumia kumbukumbu ile ile. (Neno "mkondo" tungelipenda zaidi, ila limekwisha kutwaliwa na umeme.) Kinachohitaji kulindwa ni data ambayo nyuzi hizo zinaishiriki.

Tuchukue mfano wa kielekezi chenye hesabu ya marejeo. Kielekezi hushika anwani ya kitu kilichomo katika kumbukumbu. Njia ya kuhesabu marejeo ilielezwa na George Collins mwaka 1960: kitu huwekewa kihesabu, kila kielekezi kipya huongeza moja, kila kinachoondoka hupunguza moja, na hesabu ikifika sifuri kumbukumbu hurudishwa. Utaratibu huu ni mzuri maadamu mhesabu ni mmoja.

Sasa zije nyuzi mbili, kila mmoja ukitaka kunakili kielekezi. Kihesabu kinaonyesha 2. Uzi wa kwanza unasoma 2. Kabla haujaandika, wa pili nao unasoma 2. Kila mmoja unajumlisha moja na kuandika 3, hali vielekezi ni vinne. Vitatu vitakapoondoka, hesabu itakuwa sifuri, kumbukumbu itarudishwa, na cha nne kitabaki na anwani ya mahali ambapo huenda pamekwisha kupewa kitu kingine. Kielekezi cha namna hiyo twapendekeza kiitwe "kielekezi hewa", kwa mfano wa mtumishi hewa, ambaye jina lake limo katika orodha ya mishahara na mwenyewe hayupo. Kisichanganywe na "kielekezi tupu", ambacho hukiri wazi kwamba hakielekezi popote. Na ikipotea hesabu ya kupunguza, sifuri haifikiwi kamwe, na kumbukumbu huvuja.

Dawa yake ni kusoma, kujumlisha na kuandika kufanywe kuwa tendo moja lisilogawika. Wanaoandika "tendo la atomiki" hawakosei, maana asili ya neno hilo katika Kigiriki ni kisichokatwa. Lakini mwanafunzi wetu husikia bomu. Tendo hilo lina gharama, kwani ni la polepole kuliko kujumlisha kwa kawaida. Ndiyo sababu lugha ya Rust, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015, ina vielekezi viwili: Rc cha uzi mmoja, na Arc cha nyuzi nyingi. Ukijaribu kupeleka Rc kwenye uzi mwingine, kitafsiri hukataa programu yote.

Katika C++ mambo ni ya hatari zaidi. Kiwango cha mwaka 2011 kilileta kielekezi cha kushirikiana ambacho kihesabu chake hubadilishwa kwa matendo yasiyogawika. Mwalimu akisema "kielekezi hiki ni salama", mwanafunzi hufahamu kwamba na kitu kinachoelekezwa ni salama. La. Kilicho salama ni kihesabu. Nyuzi mbili zikiandika katika kitu chenyewe bila kufuli, data itaharibika vile vile. Hata kielekezi chenyewe, kikiwa ni kimoja, uzi mmoja ukikibadili huku mwingine ukikinakili, hakina kinga. Kiwango cha mwaka 2020 kiliongeza namna maalumu kwa haja hiyo.

Kwa hiyo twapendekeza kitenzi: "kuhimili nyuzi". Kitenzi hudai mtenda: kihesabu kinahimili nyuzi, kitu hakihimili. Mfasiri atalazimika kutaja ni kipi kinachohimili, jambo ambalo nomino "usalama" humruhusu kulikwepa. Nomino ikihitajika, kama katika vichwa vya sura na faharasa, iwe "uhimilinyuzi", neno moja lisilotenganishwa.