Mfuko wa mchimbaji hauna jinsia

Sisi wa sendika ya wachimbaji huku Bunyakiri tumezoea kuletewa maneno ya mizani ya wizi, ya mashimo yanayobomoka, ya kodi ambazo hakuna anayejua zinaingia mu mfuko wa nani. Sasa tumeletewa neno lingine. Kuna wenzetu waliozaliwa wakaitwa wavulana lakini wanajijua kuwa wanawake, na wengine kinyume chake. Wasomi wanawaita transijenda. Huku migodini wanaitwa majina ambayo hayafai gazetini.

Hao watu wanafanya kazi. Wanaosha mchanga, wanatwanga mawe, wanabeba kasiterite mpaka barabarani. Matata yanaanza kwenye baryeri. Hapo kila mtu anapashwa kuonyesha karte, na wengi tuko na ile ya uchaguzi tu, yenye jina, picha na M ao F. Mwenye kuangalia anasoma F, akiinua macho anaona ndevu. Basi mtu anavutwa pembeni, anavuliwa nguo watu wakicheka, anapigwa, na mfuko wake unabaki palepale. Tuseme wazi: mara nyingi ni huo mfuko ndio ulikuwa unatafutwa.

Na kulalamika ni shida. Hakuna sheria ya Kongo inayokataza mtu kuwa hivyo, lakini kifungu cha 176 cha sheria ya makosa, kile cha tabia njema, kinatumiwa kutisha watu. Aliyepigwa anaogopa kuingia polisi kama mlalamikaji na kubaki mule kama mshtakiwa. Hata kwa munganga anadanganya: nilianguka mu shimo.

Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 12, inasema Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria. Na sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji inakubali kwamba hata mwanaume anaweza kubakwa, na adhabu ni miaka 5 mpaka 20. Hatukuona mahali ilipoandikwa kwamba yule mnayemcheka ametolewa.

Mzee mmoja alituambia haya ni mambo ya Wazungu. Tulimsikiliza kwa heshima, ni mzee wetu. Ila Audrey Mbugua si Mzungu, ni Mkenya. Cheti chake cha sekondari kilikuwa na jina la kiume, na kila alipotafuta kazi kilimletea maswali. Akaenda mahakamani Nairobi, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru baraza la mitihani libadilishe jina na kuondoa alama ya jinsia. Karatasi tu, lakini ni karatasi inayoleta chakula, sawa vile karte zetu.

Sendika yetu inapokea mchango wa kila mtu bila kuuliza kuna nini ndani ya suruali yake. Kwa hiyo tunaomba karte ziangaliwe mbele ya delege, na hakuna wa kuvuliwa nguo. Aliyebakwa, awe nani, afike hospitali mbele ya saa 72 kuisha, juu dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi haianzishwi tena kisha hapo. Delege atamsindikiza, na kama anahitaji Panzi, kule Bukavu, tutachanga nauli.

Kwa mkutano unaokuja, kila delege alete daftari la shimo lake. Tutaanza na mifuko iliyobaki kwenye baryeri tangu Januari.