Kiongeza Nguvu Chini ya Mguu wa Mpiga Gitaa

Amplifaya ya gitaa iliyoundwa nyumbani kwa vali za kioo, zile taa ndogo ziwakazo kama makaa ndani ya redio kubwa za zamani, haikutoweka hata baada ya transista kuenea dunia nzima. Mafundi wa Marekani, Uingereza na nchi nyingine wangali wakiziunda, na wapiga gitaa wangali wakizitafuta, kwa kuwa vali ikizidiwa na mzigo haiikatizi sauti ghafula bali huikunja polepole, na sikio hupendezwa nayo. Ubaya wake ni kwamba amplifaya ya namna hiyo aghalabu huwa na kitufe kimoja tu cha sauti. Ufikapo wakati wa gitaa la solo kupanda juu ya wenzake, mpigaji hana mkono wa tatu wa kukizungusha. Ndipo atamanipo swichi ya kukanyaga kwa mguu. Na hapo hutokea makosa mawili, la kwanza likimpotezea fundi fedha, na la pili likiweza kumpotezea uhai.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kiongeza nguvu huongeza nguvu daima. Mfano mzuri ni ile amplifaya ndogo ya Fender iitwayo Champ, ya miaka ya 1950, ambayo mchoro wake wanaoanza ufundi huunakili sana. Ndani yake mna vali tatu tu: 12AX7 ya kuipokea sauti ya gitaa, 6V6 ya kuisukuma spika, na 5Y3 ya kuugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa kwenda upande mmoja. Nguvu itokayo ni wati 5 hivi. Sasa, sikio la binadamu ni gumu kuridhika: ili lisikie sauti kana kwamba imekuwa kubwa maradufu, nguvu ya spika yapaswa kuongezwa yapata mara 10. Wati 5 zingepasa kuwa 50. Vali moja ya 6V6 haizimudu, hata ikanyagiwe swichi kumi. Ikiwa amplifaya imekwisha funguliwa hadi mwisho, kiongeza nguvu hakitaipandisha sauti. Kitaifanya ikwaruze zaidi, basi.

Kwa wapiga roki wa Ulaya na Marekani mkwaruzo huo ndio hasa wanaoutaka. Katika rumba ya Kongo, na katika muziki wa dansi wa Tanzania ambao bendi za vyombo vya dola kama Polisi Jazz na Mwenge Jazz ya jeshi ziliupiga kwa miaka mingi, haja ni nyingine. Humo gitaa la solo na gitaa la rithimu husemezana, na sebene ikianza, solo hutakiwa ipande ikiwa safi na yenye kung'aa. Basi dawa ni kuwa na akiba. Kitufe cha amplifaya kiwekwe mahali ambapo sauti bado ni safi na haijafika kikomo, na kiongeza nguvu kiitumie nafasi iliyobaki. Tena ipo njia isiyogharimu hata senti moja: kupiga rithimu huku kitufe cha gitaa lenyewe kikiwa kimepunguzwa, kisha kukifungua kwa kidole kidogo solo inapoanza. Wapigaji wengi mahiri hawakuhitaji zaidi ya hapo.

Anayetaka kisanduku cha mguu atakipata kwa urahisi, kwani ni kifaa chepesi mno. Kampuni ya Electro-Harmonix ya New York ilianza kuuza kiongeza nguvu chake kiitwacho LPB-1 mwaka 1968. Ndani yake mlikuwa na transista moja, rezista na kapasita chache, na betri ya volti 9. Fundi mwenye pasi ya kulehemu na jioni moja ya nafasi aweza kuunda cha namna hiyo. Kabla yake kilikuwapo kisanduku cha Maestro cha mwaka 1962, cha kuifanya sauti ikwaruze kwa makusudi. Asili yake ni hitilafu: wakati wa kurekodi wimbo mmoja wa Marty Robbins mjini Nashville, uliotoka mwaka 1961, mtambo wa studio uliharibika na gitaa la besi likatoa mngurumo usiotarajiwa. Fundi mitambo Glenn Snoddy hakulalamika. Aliuchunguza mngurumo huo hata akaweza kuutia ndani ya kisanduku. Huko Kinshasa nako, Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono N°1 waliziunda maikrofoni za likembe kwa sumaku zilizotolewa katika vyuma vya magari mabovu, na mkwaruzo uliozaliwa humo ukawa ndio sifa yao duniani.

Pedali zikizidi moja, mpangilio wake una maana. Kwa desturi sauti hutoka kwenye gitaa ikapitia wawa, kisha pedali ya mkwaruzo, kisha kiongeza nguvu, na mwangwi ukawa wa mwisho kabla ya amplifaya. Kiongeza nguvu kikitangulia mkwaruzo, mkwaruzo huwa mzito lakini sauti hukua kidogo tu. Kikifuata, sauti ndiyo ikuayo. Mwangwi ndio wenye matata. Amplifaya nyingi za nyumbani hazina mlango wa kuingizia pedali katikati yake, baada ya vali za mwanzo. Basi kama vali zenyewe ndizo zikwaruzazo, huupokea mwangwi pamoja na sauti ya asili na kuvisaga pamoja kama uji. Wengi hulitupa lawama lao kwa pedali, kumbe kosa ni la kufungua amplifaya kupita kiasi. Apendaye mwangwi ulio wazi hana budi kuiacha amplifaya ikiwa safi na kuutafuta mkwaruzo katika pedali.

Wako pia wanaopenda kukiweka kiongeza nguvu ndani ya amplifaya yenyewe, bila betri. Jambo hili lawezekana, na njia yake ni nzuri. Katika vali ya kwanza, kathodi huunganishwa na ardhi kwa rezista, kwa kawaida ya ohmu 1,500. Rezista hiyo ikiwa peke yake huupunguza ukuzaji. Vali ya 12AX7 yenye rezista ya ohmu 100,000 kwenye anodi hukuza kama mara 30. Ikiwekewa kapasita ya mikrofaradi 25 sambamba na ile rezista ya kathodi, ukuzaji hufika kama mara 60. Kapasita ndogo, ya mikrofaradi 0.68, huziinua sauti nyembamba zaidi ya zile nene, na kwa gitaa la solo hiyo huenda ikapendeza zaidi. Swichi ya mguu hukaa kati ya mguu hasi wa kapasita na ardhi. Rezista ya ohmu 1,000,000 ikiwekwa sambamba na swichi, kapasita hubaki imejaa wakati wote, na mlio wa kishindo usikikao kila swichi ikanyagwapo hutoweka.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba waya uendao sakafuni hubeba volti moja au mbili tu. Fundi asikubali kamwe kuupeleka chini ya miguu ya mtu waya utokao kwenye anodi au kwenye umeme mkuu wa amplifaya. Waya wa swichi uwe wenye ganda la nyuzi za shaba lililoungwa na ardhi, kisanduku chake kiwe cha chuma, na soketi yake isifanane na ya spika, mtu asije akakosea gizani. Vali isiyo na spika yaweza kuichoma transfoma yake kwa dakika chache.

Kosa la pili, lile la uhai, hutokea kifuniko kikiwa wazi. Ndani ya amplifaya ndogo kama Champ mna volti zaidi ya 300, na kapasita kubwa huzihifadhi hata baada ya plagi kung'olewa ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Plagi hutolewa, kisha rezista ya ohmu 10,000 ya wati 10, yenye miguu iliyofunikwa vema, hushikizwa kati ya ncha chanya ya kila kapasita kubwa na fremu kwa sekunde kadhaa, halafu mita huthibitisha kwamba hakuna kilichobaki. Wanaotumia bisibisi kwa kazi hiyo huitoboa kapasita kwa cheche na kujitia hatarini bure. Wazee wa kazi hii huweka mkono mmoja mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Transfoma iliyotengenezwa Marekani kwa volti 120 isichomekwe katika umeme wa volti 230 au 240 wa Afrika ya Mashariki, itaungua.

Ziko pia redio za zamani zisizo na transfoma ya umeme mkuu, ambazo fremu yake huungana moja kwa moja na waya wa ukutani. Vijana huzipenda kwa kuwa ni za bei nafuu. Hazifai kabisa kugeuzwa kuwa amplifaya ya gitaa, kwa sababu nyuzi za gitaa huungana na fremu, na mpigaji huzishika kwa vidole vyake. Kwa sababu iyo hiyo, waya wa ardhi katika plagi usikatwe ati kwa kuondoa mvumo. Tarehe 3 Mei 1972, Les Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti, alikufa jukwaani mjini Swansea baada ya kushika maikrofoni ambayo haikuungwa na ardhi. Mvumo huondolewa kwa kuziunga ardhi zote mahali pamoja, na kwa kuiweka transfoma mbali na vali ya kwanza.

Yamebaki mambo madogo ya nyumbani. Pedali nyingi huwashwa na plagi ya gitaa ikiingia, hivyo plagi ikiachwa humo usiku kucha, asubuhi betri imekwisha. Baadhi ya pedali za mkwaruzo za mtindo wa zamani huunga ncha chanya ya betri na ardhi, kinyume cha nyingine. Zikilishwa pamoja na adapta moja, umeme hukatiana njia na adapta huungua, basi ya namna hiyo ipewe betri yake. Na amplifaya inayotengenezwa isiachwe wazi sebuleni fundi akienda kula. Aifunike, achukue plagi mkononi, na kama nyumba ina watoto, mlango wa chumba aufunge kwa ufunguo.