Je, Wajua? Hasira Nayo Huangaliwa
Satipatthana Sutta, mojawapo ya mafundisho ya Buddha yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, humtaka anayetaamali aitambue hisia jinsi ilivyo: akili yenye hasira aijue kuwa ina hasira, isiyo nayo aijue kuwa haina. Haamriwi kuikandamiza wala kuifuata. Mafundisho hayo hugusia pia jambo dogo zaidi: kila kinachogusa mwili au akili huhisiwa kuwa kitamu, kichungu au si hiki wala kile. Utamu usipoangaliwa huzaa tamaa. Uchungu usipoangaliwa huzaa chuki.

Nchini Myanmar, mtawa Mahasi Sayadaw (1904–1982) alieneza njia rahisi ya kuangalia hisia. Mtu huketi akifuatilia tumbo linavyopanda na kushuka. Hasira ikizuka, huitaja kimoyomoyo, “hasira, hasira”, akiiangalia pamoja na joto la kifua na taya zilizokaza, mpaka ififie. Kisha hulirudia tumbo. Katika kituo cha kutaamali cha Yangon, alikoanza kufundisha mwaka 1949, walijifunza watawa na watu wa kawaida vilevile.