Shetani Mwenye Jirani: Usawiri wa Mhusika Mezani

Mephistophilis wa Marlowe alivaa joho la mtawa, basi. Shetani wa Demon: The Descent, mchezo wa mezani uliotoka mwaka 2014, ana kibarua kigumu zaidi: ni malaika aliyemwasi Mungu-Mashine, akajificha ndani ya maisha kamili ya mtu, yenye jina, kazi na mke. Sitara hiyo hupimwa kwa alama 0 hadi 10. Mhusika mpya huanza na 7. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukimsawiri usianzie kwenye mapembe. Anza na jirani anayekuja kuomba chumvi. Akijifichua, sitara huchanika. Huitia viraka kwa mkataba, pengine kwa kununua ndoa ya mtu. Wanaosema huu ni utoto mtupu hebu wamsawiri huyo muuzaji, tuone.