Lenzi Itulizayo Mtetemo wa Mkono

Hakuna mkono wa binadamu uliotulia kabisa. Hata mpiga picha azuiapo pumzi, kamera huyumba kidogo na picha hutoka na ukungu. Kadiri urefu wa fokasi ya lenzi unavyozidi, ndivyo kosa hilo linavyokuzwa. Kwa hiyo wapiga picha walijiwekea kanuni: lenzi ya milimita 300 ishikwapo mkononi, muda wa kupokea mwanga usizidi 1/300 ya sekunde. Jua likizama, muda huo hautoshi.

Mwaka 1995 kampuni ya Canon ya Japani ilitoa lenzi ya milimita 75 hadi 300 yenye dawa ya tatizo hilo ndani yake. Vipimio viwili hupima mtikisiko, kimoja wa juu na chini, kingine wa kulia na kushoto. Kisha nguvu ya sumaku-umeme husogeza baadhi ya vioo vya lenzi ili kufuta athari ya mtikisiko huo, na taswira hubaki mahali pake juu ya filamu. Muda uliweza kuongezwa mara nne: 1/300 ikawa 1/75.

Hata hivyo, dawa hii ina mpaka. Ndege aliyetulia tawini atatoka wazi. Akiruka, mbawa zitatoka na ukungu vilevile. Lenzi hutuliza kamera, haimtulizi ndege. Kwa ndege arukaye, hapana budi kufupisha muda. Basi mpiga picha na ajiulize kwanza: kinachotikisika ni mkono, au ni kile kinachopigwa picha?